Fomu ya Waliokufa kwa Ajali

Nianze na ujinga wenyewe, tumalizane nao. Niliwaua ndugu wanne wa baba yangu kwa kalamu ya bluu. Walikuwa wameshakufa, hilo nalijua, na watatu kati yao wamelala nyuma ya nyumba yetu hapa Chonyonyo, katikati ya migomba. Lakini mimi niliwaua upya, kila mmoja kwa namna niliyoona inachekesha. Babu nilimwangusha na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi. Baba mkubwa, yaani kaka wa baba, nikampiga na radi. Shangazi wa baba aliyeolewa Kyerwa nikamng'atisha nyoka chooni. Na babu mdogo, ambaye maisha yake yote aliogopa hata kuvuka kijito, nikamlisha kiboko wa Mto Kagera.

Hayo yote niliyaandika kwenye fomu ya hospitali, kwa mwandiko mzuri, nikaweka na umri wa kila marehemu.

Fomu ilikuja hivi. Baba alikuwa ametoka kupasuliwa. Walimkuta na uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, wakaukata pamoja na kipande cha utumbo, na majibu yakasema ni saratani. Baba hajafika hata miaka arobaini na tano. Ana kibanja cha kahawa na migomba, na ana sauti ambayo ukiwa shuleni unaisikia akimfokea mbuzi nyumbani. Alirudi kutoka hospitali sauti imebaki nusu. Siku ya kuruhusiwa, nesi alimpa mama karatasi yenye mistari: uhusiano wa ndugu, umri alipofariki, chanzo cha kifo. Mkaijaze nyumbani, alisema, mkirudi kliniki mje nayo.

Mama akanikabidhi mimi.

"Kamuulize bibi yako. Mwandiko wako ndio kitu pekee ulichorithi kwangu, angalau ufanye kazi."

Nilikuwa likizo, niko kidato cha tatu, na baiolojia ndilo somo ambalo mwalimu bado hajanikatia tamaa. Nikaenda jikoni kwa bibi, mama yake baba, ambaye huniita mume wake na hunituma kama mtumwa.

"Bibi, babu alikufa na nini?"

"Walimpa."

"Walimpa nini?"

"Walimpa."

Kwetu neno hilo linatosha hivyo hivyo lilivyo. Maana yake walimtilia kitu kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akanywa, tumbo likaanza. Aliyempa anaweza kuwa jirani, ndugu, au mtu aliyekaa naye karibu msibani.

"Na babu mdogo?"

"Naye walimpa."

"Shangazi wa Kyerwa?"

"Wakwe zake hao. Tulimpeleka mzima kabisa, anapendeza."

"Na baba mkubwa?"

Bibi aliacha kumenya ndizi. "Huyo kila mtu anajua alipewa na nani. Mume wangu, unaniuliza maswali ya polisi. Kanichotee maji."

Alipewa na nani, hata mimi nilijua. Walisema ni mke wake. Nilikuwa darasa la pili walipomtoa. Ndugu walikaa kikao sebuleni kwetu, na mama mkubwa akatoka na godoro kichwani kurudi kwao Nyakakika. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo hakuna aliyelia kwa sauti. Mama yangu alisimama mlangoni pa jiko walilokuwa wakipikia pamoja, ameshika mwiko, hakusema kitu. Nakumbuka ule mwiko kwa sababu nilikuwa nangoja ukoko.

Sasa nikawa nimekaa na fomu yangu. Chanzo cha kifo: sumu. Sumu. Sumu. Sumu. Nikaona hii ikifika hospitali, badala ya dawa tutaletewa gari la polisi. Halafu, niseme kweli, nilitaka pia kuwasomea washikaji. Jioni hiyo niliwasomea uwanjani, kipa wetu alicheka mpaka akafungwa bao. Nikaona nimefaulu. Fomu nikaikunja, mama akaitia kwenye mfuko wa vyeti bila kuifungua. Aliniamini, ndiyo shida yenyewe.

Kliniki ilikuwa Jumatatu. Tulikwenda watatu: baba kwa ajili ya tumbo, mama kwa ajili ya kusikiliza, mimi kwa ajili ya kubeba. Daktari alikuwa dada mmoja mwembamba, miwani imeteremka puani. Aliisoma fomu polepole, kalamu ikifuata mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa natazama bango la kunawa mikono kana kwamba litakuja kwenye mtihani.

"Poleni sana," alisema. "Ukoo wenu umepata vifo vya ghafla vingi."

Baba akatikisa kichwa kwa uchungu. "Ulimwengu una watu wabaya, daktari."

Daktari alirudi kuitazama fomu. Nadhani alikuwa anatafuta ni kiboko yupi aliyekuwa mtu mbaya.

"Lakini hakuna aliyeugua tumbo kwa muda mrefu? Utumbo, au kwa wanawake, tumbo la uzazi?"

Mama alifungua mdomo. Baba akamwahi: "Hapana. Sisi ni wazima mpaka tufanyiwe kitu."

Daktari akaandika. Kisha akatuvutia karatasi tupu akaanza kueleza, na hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho, kwa sababu alieleza vizuri.

Alisema kila seli ikitaka kugawanyika inainakili habari yake yote, kama mwanafunzi anayenakili daftari zima la mwenzake. Makosa lazima yatokee. Kwa hiyo mwili una wasahihishaji, wanaopita nyuma na kalamu nyekundu, na kuna jeni zinazowatengeneza hao wasahihishaji. Kuna watu wanarithi jeni moja ikiwa mbovu kutoka kwa baba au mama. Siku jeni ya pili, ile nzima, ikiharibika ndani ya utumbo, wasahihishaji wanakosekana, makosa yanarundikana, uvimbe unaota, tena mapema, mtu akiwa bado na nguvu.

"Ila uvimbe wa namna hiyo una tabia yake," alisema. "Kwa kuwa umejaa makosa, askari wa mwili wanautambua kwa urahisi zaidi. Ni kama mtu kuingia shuleni kwenu na sare ya shule nyingine. Mara nyingi, ukikamatwa mapema kama wa baba, unakwenda vizuri kuliko mwingine."

"Na huu wangu ni upi?" baba akauliza.

"Ndicho tusichokijua. Kipande cha uvimbe wako tumekihifadhi kwenye nta. Kinapelekwa maabara kubwa, wanakitia rangi wanaangalia kama wasahihishaji wapo au hawapo. Lakini hatuwezi kupeleka vipande vyote mara moja. Tunatanguliza wale ambao ukoo wao una historia ya saratani. Kifurushi kinaondoka Alhamisi hii." Akaigusa fomu yangu kwa kidole. "Kwa historia hii, wewe utangoja kifurushi kingine, na sijui lini. Hatuwezi kukaa hivyo hivyo, kwa hiyo tutaanza dripu za dawa kali za saratani wiki ijayo."

"Dripu za miezi mingapi?"

"Sita, tukizimaliza zote."

Baba alikuwa amewaona watu wa dripu wodini. Kitanda cha jirani yake kulikuwa na mzee wa Kanoni aliyekuwa akitapika hata maji.

"Na kama huu wangu ni ule wa kutambulika na askari, hizo dripu zinanisaidia?"

Daktari alivua miwani. "Kwa hatua uliyopo, kama ndio huo, tusingekupa. Ungeumia bure. Ndiyo maana ningependa kupima kwanza."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulikuwepo, ulimi ulikuwepo, mimi ambaye mwalimu wa nidhamu ameniandikia mama barua mbili kwa ajili ya mdomo huo huo. Nikauangalia mguu wangu wa kushoto. Tukatoka.

Tukiwa tunangoja gari, baba aliniambia, "Bwana mdogo, nywele zikianza kudondoka utaninyoa wewe. Uninyoe upara mzuri, nifanane na mbunge, nisifanane na mgonjwa." Alikuwa anatania, anajaribu kunichekesha mimi. Nikacheka, halafu nikageuka kuangalia kama gari linakuja.

Jumanne asubuhi nilirudi kwa bibi. Sikwenda na kalamu. Nilichukua kisu nikakaa chini, nikaanza kumenya naye ndizi, na bibi akanitazama kama mtu anayeona jua likitokea Rwanda, linakozama.

"Bibi, kabla hawajampa babu, alikuwa analalamika nini?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu. Jibu lilimtoka lote, bila ubishi.

"Tumbo. Upande huu. Akila linavimba. Akaanza kukonda, suruali tukaifunga kwa kamba. Na choo, mume wangu, alikuwa anatoka damu, ananificha, ila mimi ndiye niliyekuwa nafua."

"Kwa muda gani?"

"Tangu kuchuma kahawa mpaka kuchuma tena."

"Sumu ya mwaka mzima, bibi?"

"Ilikuwa ya polepole," alisema. Kisu chake kilisimama. Akatazama migomba, huko makaburini. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo. "Na mdogo wake hivyo hivyo. Na mwanangu hivyo hivyo. Mimi sikuwaogesha, miguu ilikuwa imeshakataa. Kamuulize aliyewauguza."

Hakumtaja. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja.

Nilimwomba rafiki yangu mwenye pikipiki ya kaka yake anifikishe Nyakakika. Nilimwambia ni habari za hospitali, akasema basi leo huna utani, nikasema leo sina. Mama mkubwa tulimkuta anaanua maharage uwanjani kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja. Alikuwa amepungua, ila kutembea kwake ni kule kule, kama mtu anayewahi kitu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Nani wewe?"

Nilipomwambia ni mtoto wa nani aliuweka ungo chini.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Baba anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Utumbo. Wamempasua."

Akakaa juu ya gunia. "Upande wa kulia," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Nilimweleza yote, mpaka kiboko. Nilitegemea kofi. Alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika. Sikujua anacheka au analia, na nadhani hata yeye aliamua njiani.

"Kiboko! Baba mkwe mdogo, aliyekuwa anavuka kijito akishika mkono wangu! Wewe mtoto una laana gani?" Akajifuta macho. "Bojo, nihurumie, usiniambie mume wangu ulimfanya nini."

"Radi."

"Angalau ni haraka," alisema. Kisha akaacha kucheka kabisa. "Mume wangu alikufa kwa miezi tisa. Kila siku nilikuwepo. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu, tumechelewa, daktari akaniandikia karatasi akasema mama, ni saratani ya utumbo. Nikarudi nayo kwenye kile kikao. Mjomba wa baba yako akasema hospitali wanaandika chochote unachowaambia. Hawakuisoma. Waliipitisha mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka, ikarudi kwangu."

Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa, picha moja, na karatasi hiyo, imekunjwa mara nne, wino umefifia ila unasomeka. Akanihesabia na wengine kwa vidole: babu, aliyemuuguza akiwa bado bibi harusi, babu mdogo, mwaka wa tatu wa ndoa, na shangazi wa Kyerwa, aliyekuja kutembea mara ya mwisho akitoka damu ya wanawake isiyo ya mwezi, isiyokoma, akamwambia yeye peke yake. Wote umri wa baba au karibu yake.

"Chukua," alisema. "Ila sikupi kwa siri. Mama yako ajue umeitoa wapi. Na ajue kutoka kinywani mwako."

"Nikimwambia nimeiokota je?"

"Basi irudishe hapa."

Mama nilimkuta kibanjani anakata majani makavu ya migomba. Nilisimama mbali na lile panga, nikaanza. Nilisema fomu, nikasema radi, nyoka, baiskeli, kiboko, nikasema Alhamisi, nikampa karatasi, nikasema nimeitoa Nyakakika. Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena. Nilitamani anipige, ningepata cha kufanya. Alichofanya ni kuifuta mikono kwenye khanga, kuikunja ile karatasi kama ilivyokuwa, na kwenda kwa baba. Nikamfuata.

"Mtoto wako amemlisha kiboko baba yako mdogo," alisema.

Baba alicheka mpaka akashika mshono. "Usinichekeshe, nitafumuka!" Halafu mama akampa ile karatasi. Akacheka kidogo tena kwa mazoea, akaanza kusoma, kicheko kikaisha mdomoni.

"Hii tuliipitisha mikononi," alisema. "Mimi pia niliishika."

"Uliishika," mama alisema. "Na mimi nilikuwa mlangoni."

Kesho yake alfajiri tulikuwa barabarani, baba amebaki nyumbani kwa sababu ya mshono. Mama alinisimamisha mbele ya daktari.

"Soma uliyoandika."

Nikasoma. Mbele ya daktari, nesi na mama mmoja aliyekuja kufungwa kidonda. Nilipofika kwenye kiboko, yule mama mwenye kidonda alisema "Yesu wangu!" na nesi akageukia dirisha. Hakuna uwanja nilioshinda kwa vichekesho kuliko chumba kile, na hakuna siku niliyotamani zaidi watu wasicheke.

Daktari hakucheka. Alichukua fomu mpya, akaniketisha, na safari hii aliijaza yeye, akichora miraba ya wanaume na miduara ya wanawake, mistari ikiteremka kutoka kwa babu na nduguze hadi kwa baba na kaka yake. Waliougua aliwapaka wino. Alipomaliza, karatasi ilikuwa nyeusi upande mmoja. Akashusha mstari mwingine kutoka kwa baba, akachora mraba mtupu.

"Huyu ni wewe," aliniambia.

Mama alinishika bega.

Kipande cha baba kiliondoka Alhamisi. Dripu zikasimamishwa kungoja majibu. Hizo wiki za kungoja sitaki kuziongelea sana. Shule ilifunguliwa, baba alikuwa anajifanya anapalilia, anapalilia sehemu moja siku tatu. Mimi nikajikuta nasoma sura ya jeni kwenye kitabu cha baiolojia bila mtu kunilazimisha. Mwalimu aliniuliza kama naumwa.

Majibu yalipokuja tulikwenda tena watatu, nimeomba ruhusa shuleni. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake na hakutuzungusha. Wasahihishaji wawili hawakuonekana kabisa kwenye uvimbe wa baba. Pamoja na ile historia ya ukoo, alisema, dalili zote ni za kurithi, ingawa kuna kipimo cha damu cha kuhakikisha. Ni aina ile ambayo askari wa mwili wanaitambua. Uvimbe haukuwa umefika kwenye matezi. Kwa hiyo hakuna dripu. Atakuwa anarudi kupimwa utumbo kwa kamera, kila mwaka, bila kukosa, maana unaweza kuota mwingine. Na mimi nikishakuwa mtu mzima, nije nipimwe damu, nichague mwenyewe.

"Yaani nimepona?" baba aliuliza.

"Siwezi kukuahidi hivyo. Naweza kukuambia kwamba kati ya majibu mawili, umepata lile nililokuombea."

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya kufokea mbuzi, sauti nzima, "Bwana mdogo, upara umeukosa."

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi la ukutani. Baba alisema kiu inamuua. Mama alikuwa ameshika majibu kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka bila kelele, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa na utani hata mmoja mfukoni. Nilimuuliza nifanye nini. Alijifuta kwa ncha ya khanga, akanipa simu yake, akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Kamnunulie baba yako chai ya maziwa. Halafu mpigie mama yako mkubwa. Mwambie kwanza kwamba yeye hakuua mtu, na mimi nakuja kumwambia mwenyewe. Habari za baba yako mpe baadaye."